Milango ya Saa Kumi na Moja

Ilibaki robo saa mechi ianze, na kichochoro cha nyuma ya msikiti kilikuwa kimejaa mashabiki wa Angadi FC, timu ya Kozhikode, kusini mwa India, hivi kwamba mtu akitaka kujikuna lazima aombe ruhusa. Magharibi ilikwisha kuswaliwa. Sasa watu walikuwa wanakula. Nashwa alikuwa anajipenyeza katikati yao, kanzu fupi ya samawati na mtandio mweupe uliopigwa pasi, kiwiko cha mtu kilipogonga sinia na glasi nzima ya chai ya ndimu ikamwishia begani.

"Kiwiko si changu," alisema kijana aliyesimama nyuma ya karai la mafuta. "Ila chai ni yangu, kwa hiyo lawama nazichukua. Kaa hapo, dada."

"Nikae wapi? Juu ya kichwa cha mtu?"

"Juu ya ndoo. Nimeifuta."

Aliitwa Jasil. Alivaa mundu, shuka nyeupe ya kiunoni aliyoikunjia magotini, na jezi ya njano ya Angadi yenye matone ya mafuta kifuani. Alikuwa anakaanga kome waliojazwa unga wa mchele na nazi, wekundu kwa pilipili, na harufu yao iliwasimamisha hata walioshiba. Alimpa Nashwa watatu kwenye kipande cha gazeti. Nashwa aling'ata mmoja, akanyamaza.

"Mbona kimya? Chumvi imezidi?"

"Niache, nakula."

Jasil alimpenda hapo hapo. Nashwa alichelewa kidogo, mpaka kome wa pili.

"Unafanya kazi wapi, mwenye ulimi?"

"Klabuni. Mhasibu wa mapato."

"Basi uniheshimu. Mwaka wa sita huu nina tiketi ya msimu, jukwaa la mashariki. Mshahara wako mimi ndiye ninayeulipa."

"Ulilipa wa Julai, ikka, kaka yangu. Sasa ni Novemba."

Jasil alicheka akidhani ni utani. Haukuwa utani. Tiketi za msimu za Angadi huuzwa zote mvua za Juni zikianza kunyesha, pesa zikaingia kwa mkupuo, na mishahara ya wachezaji ikazimaliza kabla ya mwaka mpya. Kuanzia hapo klabu huishi kwa kile shabiki anachotoa mfukoni akiwa ndani ya uwanja: chai, chakula, jezi, skafu. Na shabiki wa Angadi hakutoa kitu. Aliswali msikitini, akala kichochoroni, akaingia refa akiwa na kipenga mdomoni. Wataalamu walioletwa kutoka Mumbai walipunguza bei ya baga, wakafungulia muziki mkubwa, kisha wakaondoka wakisema watu wa Kozhikode ni mabahili. Mwenye timu alikwisha tamka: msimu ukiisha hivi, Angadi inahamia mji wa Kochi.

Nashwa alizaliwa mtaa wa pili kutoka uwanjani. Alijua si ubahili. Ni sala ya Magharibi: uwanjani hapakuwa na pa kuswalia.

Basi simu zikaanza, Nashwa akipiga kila asubuhi.

"Umeamka, roho yangu?"

"Mimi ni mtu wa soko la samaki. Uliza kama nililala."

"Jana umekaanga wangapi?"

"Unauliza kome, mimi huniulizi."

"Wewe nakujua. Kome ndio wanaobadilika."

Aliuliza watu huja saa ngapi, hula nini kwanza, hutoa rupia ngapi mmoja mmoja. Jasil alijibu yote kwa furaha. Alidhani msichana anayechunguza biashara yako kiasi hicho anapima kama itatosha watu wawili. Na kweli alikuwa anapima hilo pia. Walitembea ufukweni Jumapili, wakala halua nyeusi, Nashwa akamfuta sukari kidevuni kwa ncha ya mtandio, Jasil akawa hajui aangalie wapi.

Januari klabu ilitoa tangazo gazetini. Milango itafunguliwa saa kumi na moja jioni. Uwanja wa mazoezi utatandikwa mikeka, na maji ya udhu yatakuwepo, upande wa wanaume na upande wa wanawake. Wapishi wa mji wanakaribishwa kuomba vibanda ndani. Klabu itachukua sehemu ya mauzo, haitatoza kodi. Jasil alifungia kome kwenye tangazo lile wiki nzima bila kulisoma.

Siku ya mechi, kichochoro kilikuwa kitupu. Alipiga simu.

"Uko wapi?"

"Kazini, ikka. Kuna watu wengi, siamini macho yangu."

"Mimi naamini. Wote walikuwa wangu. Nimesimama hapa na karai la kome wanaonitazama." Sauti yake ilishuka. "Uliniuliza watu wangapi, saa ngapi, bei gani. Nilidhani unanipenda, kumbe unanihesabu."

"Vyote viwili."

"Ungenitonya basi. Neno moja tu."

"Nisingekutonya."

"Hata sasa unasema hivyo?"

"Hata sasa."

"Kaa na hesabu zako, Nashwa." Akakata.

Nashwa aliingia stoo ya jezi, akalia mpaka wanja ukamfika mashavuni. Kisha akanawa, akajipaka upya, akatoka. Foleni ya chai ilikuwa imevurugika na hakukuwa na mwingine wa kuipanga.

Februari yote Jasil hakupokea simu yake. Alikaangia watu wachache, wengi wao wapita njia, na alimjibu kila mtu kwa mkato. Aliyemvunja kiburi ni mama yake, Bi Pathumma, umma kama alivyomwita, aliyerudi jioni moja na skafu ya njano shingoni.

"Umetoka wapi, umma?"

"Mpirani."

"Wewe?"

"Mimi na wanawake wa mtaa mzima. Miaka yote hii ungenipeleka wapi, nikaswalie wapi, nikakae na nani? Sasa kuna mikeka. Tumeswali, tumekaa jukwaani, tumemtukana refa." Alivua viatu taratibu. "Kome wao tu ndio hawafai. Kama kutafuna kandambili. Nimesimama foleni ndefu kwa kandambili, na mwanangu anayejua kukaanga yuko huku amenuna."

"Yule msichana alinichukulia wateja."

"Alikuomba hesabu, hakukuomba figo. Timu ikienda Kochi, utamkaangia nani? Msikiti?"

Mechi iliyofuata Jasil aliingia kwa tiketi yake saa kumi na moja na nusu, mara ya kwanza katika miaka sita kuona majukwaa jua likiwa bado lipo. Baada ya Magharibi aliona wateja wake wa zamani wakitoka kuswali na kuelekea moja kwa moja kwenye vibanda. Aliona watoto wenye jezi mpya. Na akaona sinia la kome weupe, laini, wasio na pilipili, akaumia kama mtu aliyetukanwa.

Kesho yake aliomba kibanda.

Waliokuja kumsimulia yaliyotokea siku ya kuonja vyakula vya waombaji walikuwa wengi, na wote walisimulia sawa. Jina lake liliposomwa, Nashwa alisimama mbele ya bosi wake na waamuzi wenzake. "Huyu mwombaji nampenda," alisema. "Siwezi kumpa alama. Natoka nje." Akatoka, akafunga mlango. Waamuzi watatu waliobaki waligombania kome wa mwisho.

Mechi ya kumalizia msimu, mtangazaji alisema kwenye vipaza sauti kwamba Angadi imesaini kubaki Kozhikode miaka mitatu mingine. Uwanja ulinguruma mpaka mafuta ya karai la Jasil yakatikisika. Nashwa alikuja kibandani akiwa na gauni la njano na vikuku vya kijani, akasimama kwenye foleni kama mteja mwingine. Ilipofika zamu yake, Jasil hakumpa kome.

"Uliwaambia nini waamuzi?"

"Ulishaambiwa. Mji huu hauna siri."

"Nataka nisikie."

"Nina njaa, ikka. Kwanza nipe chakula."

Nyuma yake mtu alilalamika kwamba kipindi cha pili kinaanza. Jasil alimwambia asubiri, mambo ya maisha yanaongelewa.

"Mama anataka kuja kwenu Ijumaa," alisema.

"Aje. Baba yuko."

"Anakuja kukuposa, umeelewa? Mimi niko tayari. Ila nilisimama peke yangu kichochoroni siku ile, Nashwa, na iliniuma. Sema samahani tu, mara moja, yaishe."

Nashwa alichukua kome mwenyewe kutoka kwenye sinia, akampuliza apoe.

"Kuumia kwako nakujua, na mimi niliumia. Lakini ningekutonya, kibanda hiki kingekuwa cha mpenzi wa mhasibu. Sasa ni chako. Mama aje Ijumaa, nitampikia biriani kwa mikono yangu. Samahani sisemi."