Sikio la Fahali wa Noeli

Kitu cha kwanza alichokiona Scolastica kilikuwa inzi. Hawakutua machoni mwa fahali wala mdomoni, mahali inzi hupenda. Walikuwa wamejipanga kwenye ukingo wa sikio la kushoto, kama wasichana kisimani. Ndipo alipotambua kwamba sikio lenyewe halichezi, na tumbo halipandi wala halishuki.

Ilikuwa Ijumaa, tarehe 25 Desemba 1953, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, katika zizi la nyuma ya kanisa pale Endagikot. Scolastica alikuwa na debe la maji kichwani. Kwa siku mbili kazi yake ilikuwa kumnywesha fahali wa sikukuu na kumlinda mchana. Alikuwa na miaka kumi na saba. Shule aliiacha darasa la tatu mama yake alipougua, na alipokuwa na jambo la kusema, msikilizaji alilazimika kuinama. Asubuhi ile hakupiga kelele. Debe lilimponyoka, na kishindo cha bati kikawaita watu kwa niaba yake.

Jumbe Gervasi alifika akifunga vifungo vya koti. Akauzunguka mzoga mara mbili.

"Hana jeraha. Hana damu puani. Kamba haijakazwa," alisema. "Jana alikuwa mzima. Nani alikuwa na neno na ng'ombe huyu?"

Watu wakacheka kidogo, maana kijiji kizima kilikuwa na neno naye. Fahali huyo mweusi mwenye tumbo jeupe alitolewa na Gidamis, mfugaji wa Getanuwas, kuwa shukrani baada ya mkewe kujifungua salama katika zahanati ya misheni. Ilipangwa achinjwe jana yake saa kumi na moja jioni. Lakini kuanzia saa tisa mchana watu walikaa barazani wakibishana ni nani ashike kisu, Mkristo au Mwislamu, mpaka mvua ikanyesha, kisha giza likawatawanya. Kisu hakikutoka alani.

Jumbe alianza na Tawakali, mwenye duka.

"Tawakali, jana ulisema asipochinja Mwislamu, fahali huyu hataliwa."

"Nilisema sisi hatutamla, Jumbe. Usinipunguzie maneno, mimi mwenyewe kwenye mizani sipunguzi." Watu wakaguna. "Miaka kumi na moja nakula Noeli hapa. Naleta mchele, nachinja, tunakula sahani moja. Mwaka huu katekista ameota nini?"

"Sikukuu ni yetu, kisu nacho kiwe chetu," alidakia Nicodemo, katekista.

"Na chumvi uliyomletea fahali jana asubuhi?" Jumbe aliuliza.

Tawakali aliingiza mkono ndani ya kihori, akachota chumvi iliyobaki, akailamba mbele ya wote. "Nikianguka, mnipeleke kwa ndugu zangu Dongobesh. Msibishane nani anizike."

Hakuanguka. Jumbe akamgeukia Gidamis.

Gidamis alikuwa mrefu, mwenye maneno machache ya Kiswahili. Alilala kwenye kibanda cha kuni, hatua kumi kutoka zizini. Mkewe alisimama nyuma yake na mtoto wa miezi miwili mgongoni.

"Jana barazani ulisemaje?"

"Nilisema, ningejua mnagombana hivi, ningemziba pumzi kwa mila yetu, tukala."

Minong'ono ikasambaa. Kila mtu alijua kwamba watu wa Gidamis humwua ng'ombe wa tambiko kwa kumziba pumzi, bila tone la damu. Na hapa palikuwa na ng'ombe aliyekufa bila tone la damu.

"Umemziba?"

"Hapana. Na huyu si wangu."

"Si wako?"

"Huyu si wangu, Jumbe."

Watu waliangua kicheko. Mzee Sebastiani, mwenyekiti wa kamati ya sikukuu, aliinama akalinyanyua sikio la mzoga. Lilikuwa na mapengo mawili kama ya meno. "Alama ya ukoo wako hii hapa. Na hii nayo utaikana?"

"Alama ni yangu. Ng'ombe si wangu."

"Amechanganyikiwa," alisema Sebastiani. "Jumbe, mtu wako huyu hapa. Tumfukie mnyama huyu haraka kabla ya misa ya saa nne. Ni nuksi siku ya Noeli. Azikwe hivi hivi alivyo."

"Hivi hivi?" Tawakali alishtuka. "Na ngozi yake?"

"Na ngozi yake."

"Mzee Sebastiani! Wewe uliyeniuzia ngozi ya mbuzi aliyeliwa na fisi?"

Watu walicheka tena, lakini Scolastica hakucheka.

Askari wa Jumbe alikuwa amekwisha kumfunga Gidamis mikono. Uamuzi ulikuwa umetolewa: afungiwe, kesho apelekwe bomani Mbulu. Mkewe hakulia. Alimhamishia mtoto kifuani, akauliza kwa lugha yake jambo ambalo hakuna aliyemjibu. Safari ya kurudi Getanuwas ni ya siku mbili kwa miguu, na hakuwa na mtu mwingine.

Scolastica alimtazama mama yule, kisha akatazama inzi. Jambo alilolijua lilikuwa na sehemu mbili, na moja ilimwaibisha. Hakuweza kuitoa moja akaiacha nyingine.

Alimsogelea Jumbe.

"Shikamoo, baba Jumbe."

"Marahaba. Umeshaniamkia, binti."

"Naomba umuulize alimkata sikio lini."

"Sema kwa sauti."

Akarudia. "Aulizwe, fahali wake alimkata sikio lini?"

"Akiwa ndama," Gidamis alijibu. "Mvua nne zimepita."

"Basi pembeni pangeota manyoya," alisema Scolastica. "Hapa pana damu iliyoganda. Inzi wamekaa hapo tu."

Jumbe alipiga goti, akapitisha kidole kwenye mapengo ya sikio. Alikitazama kidole. Kicheko kikakoma.

"Kidonda ni cha jana," alisema polepole. "Mtu amebadilisha ng'ombe, kisha akaiga alama. Lakini lini? Usiku Gidamis alikuwa hapa. Mchana ulikuwepo wewe."

"Sikuwepo, baba. Kuanzia saa kumi mpaka mvua ilipoanza, saa kumi na moja, zizi halikuwa na mtu. Niliporudi nilimkuta amelala, nikadhani amechoka. Sikuingia."

"Saa kumi?" Jumbe alisimama. "Saa kumi Gidamis alikuwa barazani, amekaa mbele yangu. Wewe Tawakali ulikuwa unapiga kelele, na wewe Nicodemo ulikuwa umekwenda kanisani kufundisha kwaya. Scolastica, ulikuwa wapi?"

Msichana alitazama chini.

"Hilo tutalirudia. Nani hakuwa barazani saa kumi?"

"Kwa mawazo ya msichana wa darasa la tatu tutakosa misa!" Sebastiani alifoka.

"Mzee Sebastiani," Scolastica alisema, na safari hii hakuna aliyelazimika kuinama, "leo alfajiri nilikuwa kisimani ng'ombe wako walipopita. Majike watano. Yule fahali wako mweusi mwenye tumbo jeupe hakutoka."

"Anaumwa! Amelala ndani!"

"Basi tukamwone mgonjwa," alisema Jumbe. "Na huyu achunwe. Ngozi haizikwi."

Askari alimchuna kuanzia shingoni. Chini ya masikio matezi yalikuwa yamevimba kama mayai ya bata, na mapafu yalijaa povu. Hakuna mfugaji aliyehitaji kuelezwa. Ilikuwa ndigana, homa ya kupe.

Saa mbili na robo walikuwa mbele ya nyumba ya Sebastiani. Ilikuwa nyumba ya zamani iliyochimbwa ubavuni mwa kilima, paa la udongo, mlango mfupi, watu upande mmoja na ng'ombe upande mwingine. Sebastiani alisimama mlangoni. Mkewe, alisema, anaumwa kichwa, na wageni wasiingie.

"Hatuingii," alisema Jumbe. "Mfungueni Gidamis. Gidamis, fahali wako ana jina?"

"Analo."

"Mwite."

Gidamis hakupaza sauti. Aliweka kiganja kando ya mdomo, akaimba maneno machache, laini, ya kumsifu mnyama tangu pembe hadi kwato. Akanyamaza. Ndani ya giza la nyumba kitu kizito kiligonga ukuta, kisha ukatoka mlio mrefu uliotikisa vumbi la mlangoni. Gidamis alirudia. Fahali aliitikia tena, na safari hii aliitikia akija.

Sebastiani aliketi chini kwenye kizingiti.

"Nilikwenda kwa nia njema," alisema. "Nilimswaga fahali wangu nikamwonyeshe Gidamis. Watu wa kule wanajua dawa. Nikakuta zizi halina mtu. Nikaona wawili wanafanana kama mapacha. Nikafikiri, huyu ni wa kufa leo hii, na wangu ni wa kufa kesho. Mmoja akipona kuna ubaya gani? Nilimkata sikio kwa kisu changu. Angechinjwa saa kumi na moja, nani angejua?"

"Na matezi?" Jumbe aliuliza.

"Mwenyekiti ndiye anayegawa nyama. Shingo ningeichukua mimi." Aliinua uso kwa hasira. "Ninyi ndio mlioniharibia na ubishi wenu wa kisu! Mkabishana mpaka akafa mwenyewe."

"Na Gidamis angefungwa?"

"Ningemponya fahali wako," alisema Gidamis kwa utulivu. "Ungeniuliza tu."

Jumbe alikata shauri palepale. Sebastiani atoe kondoo wanne kwa sikukuu, na mtamba mmoja kwa Gidamis kwa kumvisha kosa lisilo lake. Uenyekiti auache. Gidamis naye alisema fahali aliyemwitikia mbele ya watu hamtoi tena kwa kisu cha mtu yeyote. Hakuna aliyepinga.

Tawakali alimtazama katekista. "Haya. Kondoo hawa nani anachinja? Au tungoje nao wafe?"

Nicodemo alipangusa jasho. "Chinja, Mzee Tawakali. Chinja upesi, watu wana njaa."

Waliporudi kanisani kengele ya kwanza ilikuwa imelia. Mke wa Gidamis alikuwa ameketi kivulini akimnyonyesha mtoto, na fahali akila majani karibu yake. Jumbe alimsimamisha Scolastica mlangoni, katekista akisikia.

"Swali moja halijajibiwa, binti. Ulikabidhiwa zizi. Saa ile ulikuwa wapi?"

Ndani, wanakwaya walikuwa wanafungua vitabu. Kwaya ilichukua wanaosoma vizuri tu, na kila mtu alilijua hilo.

"Nilisimama nje ya dirisha la mbele la kanisa," alisema Scolastica. "Nyimbo zote nazijua kwa kichwa, katekista. Nataka kuimba."