Alama ya Dole Gumba

Asubuhi zote za likizo ile zilifanana. Mama alitangulia kwenda kufua mashuka ya hospitali, dada akafunga mlango, na mdogo wake Chiriku akamfuata njia nzima akiongea. Shuleni alikuwa na jina lake la heshima, ila nyumbani na mtaani alikuwa Chiriku tu, maana mdomo wake haukuwa na breki. Alikuwa na miaka kumi na mmoja na aliogopa vitu vichache sana.

Dada alikuwa mwaka wa mwisho wa chuo kikuu. Kabla ya kuhitimu ilimlazimu kufanya mafunzo kwa vitendo katika jumba la sanaa la chuo, ajifunze kutunza picha, kuzitundika na kuwaeleza wageni. Asiyefaulu mafunzo hayo hurudia mwaka mzima. Nyumbani hapakuwa na wa kubaki na mtoto, kwa hiyo msimamizi wa jumba, mama mmoja mkali ambaye wanafunzi walimwita Madamu, alikubali Chiriku aje kwa sharti moja: akae chumba cha nyuma na asiguse kitu.

Jumba lenyewe lilikuwa la baridi, lenye kuta nyeupe na madirisha madogo ya juu. Hata mchana mtu aliongea kwa sauti ya chini kama yuko msibani. Kila siku dada alivaa glavu, akalowesha kitambaa kidogo, akafuta vioo vya picha polepole. Chiriku alichungulia mlangoni mpaka akajiona na yeye ni fundi. Kiherehere hicho ndicho kilichomponza.

Dada alikuwa na mwanafunzi mwenzake, kijana mrefu aliyebandikwa jina la Mlingoti. "Redio yetu leo iko stesheni gani?" alimtania Chiriku kila alipoingia. Mtu mwema kabisa, ila mikono yake haikuwa na bahati. Juzijuzi tu alikuwa ameangusha taa mbele ya wageni, na Madamu hakuwa amesahau.

Siku moja Mlingoti alitoa stoo mchoro wa mkaa, akaulaza mezani. Ulikuwa wa mchoraji mzee aliyefariki karibuni, na mjane wake ndiye aliyewaazima kwa ajili ya maonyesho. Ulionyesha mwanamke ameketi, viganja mapajani, uso ameugeuza kidogo. Haukuwa na kioo bado. Mlingoti akaenda kwa seremala kufuata fremu, na dada akaitwa mbele kupokea wageni.

Chiriku akasogea mezani. Chini ya mchoro, pembeni, aliona doa jeusi, kama mtu ameshika masizi akasahau kunawa. "Ona uchafu huu," akajisemea. "Dada atasemwa." Akachukua kitambaa cha dada, akafuta. Doa halikutoka, lilitanda likawa kijivu. Akasugua. Karatasi ikachubuka, na pindo la gauni la yule mwanamke likaondoka pamoja na doa.

Akarudisha kitambaa mahali pake, akarudi chumba cha nyuma, akafungua kitabu na kujitia anasoma.

Haukupita muda sauti ya Madamu ikasikika. "Nani alikabidhiwa mchoro huu?"

"Mimi," alijibu Mlingoti, fremu mkononi. "Lakini niliuacha salama, Madamu."

"Na ile taa nayo uliiacha salama?"

Dada akaulizwa kama kuna mtu mwingine aliyeingia. Akasema hapana, mdogo wake alikuwa nyuma muda wote. Aliamini anachosema, maskini. Chiriku alisikia kila neno na hakuinua uso.

"Kesho mwenye mchoro anakuja kuuona," Madamu alimwambia Mlingoti. "Akishaondoka nitaonana na mkuu wa idara yako. Mafunzo yako yameishia hapa."

Walipotoka jioni walimkuta Mlingoti ameketi ngazini, miguu yake mirefu ameikunja. Hakumtania mtu. "Nyumbani wanajua huu ndio mwaka wangu wa mwisho," alisema. "Sijui nitawaambia nini."

Njia nzima Chiriku hakufungua mdomo. Nyumbani alikisogeza chakula huku na huku mpaka kikapoa.

"Wewe mtoto, leo umepigwa ganzi?" dada aliuliza. "Unaumwa?"

Ndipo Chiriku akalia, akasema yote. Dada alisema kwa sauti ndogo, "Mimi ndiye niliyekuleta pale. Mimi ndiye niliyeapa kwamba hukutoka chumbani. Madamu akijua, na mimi nimekwisha. Hebu nyamaza kwanza, nifikirie."

Asubuhi dada alivaa bila kumtazama. "Leo tu utabaki kwa jirani, nimemwomba," alisema.

Chiriku alielewa maana yake: wanyamaze. Aliipenda njia hiyo, tusidanganyane. Ilikuwa rahisi na ingemwacha dada salama. Lakini kila akifumba macho alimwona yule kijana ngazini.

"Na kaka Mlingoti je?" aliuliza.

Dada alisimama na ufunguo mkononi. Kisha akaketi kizingitini, akajifunika uso kwa mtandio, akalia kama mtoto. Alipomaliza alijifuta, akasema, "Vaa viatu."

Walipofika, mjane wa mchoraji alikuwa ameshaketi mbele ya meza, kikongwe mwembamba aliyevaa nguo nyeusi. Mlingoti alisimama pembeni akisubiri hukumu yake. Chiriku akapiga moyo konde.

"Shikamoo, bibi. Ni mimi niliyeharibu. Niliona uchafu, nikafuta. Kaka hakuwepo, na dada hakujua."

Bibi alinyoosha kidole chake kilichokunjamana, akakiweka pale karatasi ilipochubuka.

"Haukuwa uchafu, mjukuu wangu," alisema. "Ilikuwa alama ya dole gumba la mume wangu. Picha zake zote aliandika jina, isipokuwa hii. Aliponichora mimi alikandamiza kidole tu. Nikamgombeza kwamba amenichafulia picha, nikamwambia afute. Akakataa. Tulinuniana mpaka siku ya pili." Akapangusa macho. "Tangu alipokufa, nilikuwa naweka kidole changu juu ya kile chake."

Chiriku alitamani ardhi ipasuke. Alisema samahani, na neno lenyewe lilikuwa dogo mno kwa jambo lile.

Madamu alimgeukia Mlingoti. "Nilikuhukumu kwa sababu ya taa. Ilinipasa kuuliza zaidi. Nisamehe, endelea na kazi yako." Kisha akamtazama dada. "Wewe ulijibu jambo usilolijua kwa macho yako, na mtoto alikuwa dhamana yako. Hutafukuzwa, kwa kuwa umemleta mwenyewe. Lakini wenzako watakapohitimu, wewe utakuwa bado hapa, unaanza mafunzo upya."

Dada aliinamisha kichwa. Mama alikuwa ameshamtengea kitambaa cha kushona nguo ya mahafali, na sasa kingerudi sandukuni. "Nimekubali, Madamu," alisema.

Bibi alimwita Chiriku karibu, akamshika mkono.

"Sikiliza. Kilichotoka kwenye karatasi hii hakuna fundi wa kukirudisha, na mimi inaniuma, sitakuficha. Usiguse kitu cha mtu kabla ya kuuliza, hata kama unataka kusaidia. Lakini leo umefanya jambo moja la maana. Picha imeharibika, basi. Kijana wa watu hakuharibikiwa. Ungenyamaza, ningeondoka hapa nikimlaani mtu asiye na kosa, na wewe ungekua ukilijua hilo peke yako."

Kisha akaomba mchoro utiwe kioo na kutundikwa hivyohivyo. Mlingoti alishika upande mmoja wa fremu, dada upande wa pili. Bibi alisimama mbele ya ukuta akiutazama mchoro kwa muda mrefu, bila kuusogelea. Hakusema kama amemsamehe Chiriku, na Chiriku hakuthubutu kumuuliza.