Inveta Iliyokunywa Bia

Inveta ililia pi-pi-pi chini ya kiti, ikatoa harufu ya kimea kilichoungua, kisha ikanyamaza kama mwizi aliyesikia komeo. Mashine ya oksijeni iliyokuwa ikitegemea umeme wake ikashusha pumzi moja ndefu, nayo ikazimika.

"Ovidio," alisema Nemesia, macho kwenye kioo, mikono kwenye usukani. "Niambie huo ni utani wako."

"Ningekuwa natania, binamu, ningekuwa nacheka."

Walikuwa katikati ya uwanda wa chumvi. Mvua ya Februari ilikuwa imeufunika wote kwa maji ya kina cha kiganja, na mawingu yalikuwa yameshuka mpaka yakanywa humo. Hakukuwa na juu wala chini. Gari lilikuwa inzi ndani ya bakuli la maziwa.

Kwenye kiti cha nyuma alijiegemeza don Saturnino, baba yake Nemesia, mjomba wake Ovidio. Miaka thelathini ya kuchimba madini ya bati ilikuwa imemjaza vumbi mapafuni. Kipimo kidogo cha oksijeni ya damu kilichombana kidole kilisoma themanini na nne. Kikasoma themanini na moja. Kutoka kwao Llica hadi hospitali ya Uyuni njia fupi ni hiyo ya kukatiza chumvi, na ndiyo sababu Ovidio, fundi umeme pekee wa kijiji, alifunga inveta ndani ya gari: igeuze umeme wa betri uwe kama wa ukutani, mashine ipumue, mzee apumue.

Na aliifunga sawasawa. Nyaya nene kama kidole gumba, fyuzi jirani na betri, skrubu zimekazwa mpaka zikaomba msamaha. Kosa halikuwa kwenye nyaya. Kosa lilikuwa Jumanne ya Kanivali, siku ya challa, ambapo nyumba, magari na zana zote za kazi hunyweshwa bia ili zisinune mwaka mzima. Ovidio alinywesha magurudumu manne, akanywesha boneti. Kisha, kwa kuwa kitu kipya kina wivu, na kwa kuwa bia ilimfikia yeye kabla ya kulifikia gari, akaimiminia na inveta. Kupitia matundu ya feni. Glasi nzima. Hakuna aliyemwona.

"Fyuzi imeungua tu," alisema. "Ninazo mbili za akiba."

"Basi toka, fundi wa maandazi! Injini sizimi. Nikizima, haiwaki tena."

Akatoka. Maji ya chumvi yalimuuma vidonda vya kisigino. Radi ilipasuka kushoto, akaiona ikisimama juu ya maji kama mti mweupe, na akakumbuka kwamba katika nchi ile yote, hadi upeo wa macho, hakuna kitu kirefu kuliko yeye. Ovidio, aliyetaniwa ufupi tangu darasa la kwanza, kwa mara ya kwanza aliona kimo chake kimezidi. Akafungua boneti, akachomeka fyuzi.

Pa! Ikaungua papo hapo.

Alirudi ndani akiwa ameloa. Kipimo: sabini na tatu. Midomo ya mjomba ilikuwa na rangi ya zambarau.

"Mbona inanuka kiwanda cha bia?" Nemesia aliuliza.

Ovidio akaitazama inveta.

"Uli... inywesha?" Sauti ya don Saturnino ilikuwa uzi.

"Niliinywesha, mjomba. Nilitaka itupende."

Nemesia akaupiga usukani kofi. Mzee akainua kidole chenye kipimo, akaonyesha mkoba wake wa majani ya koka ya kutafuna. Ndani yake mlikuwa na chupa ndogo ya pombe kali isiyochanganywa, ile ya kumwagia Mama Ardhi safarini.

"Isa... fishe."

Ovidio akaing'oa inveta, akafungua skrubu zake kwa ncha ya kisu. Umeme uliolala ndani ukamrusha mkono hadi begani. Akapiga ukelele, akaendelea. Ubao wote wa saketi ulikuwa na utando wa kahawia, unaonata kama gundi. Akautia maji ya kunywa kidogo kulainisha sukari, kisha pombe, akisugua kwa mswaki wa mjomba. Pombe tena, mpaka chupa ikabaki na funda moja. Nemesia akafungua hita mpaka mwisho. Wakaishikilia inveta mbele ya hewa ya moto, wakiipuliza kama uji wa mtoto. Sitini na saba. Sitini na tano.

"Bado mbichi," alisema Ovidio.

"Na baba je? Mbivu?"

"Nikiiwasha na unyevu, fyuzi ya mwisho inakwenda. Subiri, Neme. Nakuomba."

Wakasubiri. Mzee alikuwa amefumba macho. Ovidio alihesabu pumzi zake na mara mbili alidhani hesabu imekwisha.

Sitini na mbili. Akarudisha nyaya, akatoka tena kwenye radi, akachomeka fyuzi, akafunga macho.

Kimya. Kisha feni ikavuma chini ya kiti, na mashine ikaanza kukoroma. Ovidio hajapata kusikia mkoromo mtamu kama ule.

Akarudi ndani, Nemesia akaondoa gari, wakawa wakitazama namba ikipanda kama kizee kwenye ngazi. Ilipofika themanini, don Saturnino akafumbua macho.

"Nemesia. Unaendesha kwenda wapi?"

"Kolchani, baba, ng'ambo ya chumvi."

"Mvua inakupiga wapi?"

"Kisogoni. Niliipa mgongo, chumvi iliziba kioo."

"Mvua hii inatoka mashariki. Unaturudisha nyumbani, binti yangu. Ikupige usoni."

Nemesia akageuza gari. Ovidio akatoa nusu ya mwili dirishani, akafuta kioo kwa shati lake, maji ya chumvi yakimchoma macho, akimpigia kelele kila alipoona doa jeusi la shimo. Saa nzima. Kisha weupe ukaota chunusi: marundo ya chumvi ya wachimbaji wa Kolchani, na watu wenye makoleo wakikimbia kuwapokea.

Gari lilipogusa ardhi kavu, mjomba akaomba wasimame.

"Chupa."

Ovidio akaitoa. Funda moja. Akaitazama inveta chini ya kiti, kwa mazoea tu.

"Chini!" mzee alifoka, na pumzi ikamtosha. "Mama Ardhi ana mdomo wake. Usimtafutie mwingine."

Ovidio akashuka, akapiga magoti udongoni, akashika chupa kwa mikono miwili. Akamimina polepole, na safari hii hata tone moja halikupotea njia.