Fundi Aliyenyamaza

Saa kumi na moja jioni, watu wakimiminika kutoka maofisini, mhudumu mmoja wa hoteli alisimama kwa mguu mmoja mbele ya jengo la maduka, sketi nyeusi, blauzi nyeupe, kiatu cha kulia mkononi.

"Dada, kaa hapa," alisema fundi viatu wa pale mlangoni, akimsogezea kigoda. "Hicho kiatu kinakutafuna."

"Kumbe kina meno?"

"Kinayo. Lete niyang'oe."

Akaitanua ngozi kwa kalibu ya mbao yenye umbo la mguu mpaka ikapata nafasi ya kinundu kilichojitokeza kando ya kidole gumba. Dada akavaa, akapiga hatua tatu, akacheka kwa sauti. Mapenzi yao yalianza hivyo, bila mbwembwe. Kila wiki mbili alirudi na kiatu. Fundi akaongeza sponji, akapunguza kisigino. Kila jioni fundi alipiga simu.

"Bi Kisigino, umekula?"

"Nimekula, mpenzi. Kidole kinakusalimia."

Miaka miwili ikapita. Siku kidole kilipogoma kabisa kukunjika, alikwenda hospitali, akampigia fundi akiwa bado kwenye foleni ya dawa.

"Mpenzi, ni upasuaji. Kiungo kimelika, watakifunga kwa skrubu. Daktari anasema ningekwenda mwaka jana wangekinyoosha tu, yakaisha."

Nyundo ya fundi ikasikika ikiwekwa chini.

"Fundi? Upo?"

"Nipo. Mimi... niliona. Mwaka jana. Soli yako ilikuwa inaliwa upande mmoja. Miguu ya hivyo naijua, ni ya daktari, si yangu."

"Ukaninyamazia?"

"Niliogopa. Nilidhani ukipona hutakuwa na la kukuleta kwangu."

Dada akakata simu. Alisubiri hasira zimpande, hazikupanda. Hakulia, hakutukana. Alichukua dawa zake akapanda basi, akashukia kituo chake kama kawaida.

Wiki mbili za kusubiri upasuaji alijiandaa kama anayemwandalia mtu mwingine. Alikunja mazulia yasije yakamwangusha, akaweka kiti bafuni, akajifunza kutembelea magongo koridoni huku dada yake akimcheka, "Wewe unatembea kama meza!" Akafuta rangi ya kucha, akaosha mguu kwa sabuni aliyopewa. Simu ya fundi iliita kila jioni. Aliitazama mpaka inyamaze, halafu akaendelea kupiga pasi.

Asubuhi ya upasuaji, dada yake akapiga simu: zamu ya kiwandani imeongezwa, hawezi kutoka.

"Nani basi atakurudisha nyumbani?" aliuliza nesi. "Bila mtu hatukuingizi, mama. Na tarehe nyingine ni baada ya miezi minne."

Miezi minne ya kubeba sinia kwa mguu ule! Akampigia fundi. Fundi alifika baada ya dakika ishirini, shati limenyooka, gundi bado vidoleni.

Mchana akatolewa, mguu umefungwa bandeji hadi juu ya kifundo, hausikii kitu kwa sindano ya ganzi. Fundi aliketi kando ya kitanda.

"Nitukane basi, mpenzi. Nipige hata kwa gongo."

"Sina hasira, fundi. Naitafuta siioni. Hata huzuni sina. Nakumbuka tu kwamba nilikupenda sana."

"Nilikosa. Nilikuwa mwoga, nikakuacha uumie."

"Ndiyo. Uliniacha." Alivuta shuka. "Wiki sita mguu huu haukanyagi. Nikipona nitavaa raba za dukani, sitakuwa na kiatu cha kukuletea hata kimoja. Usinipigie. Nikija pale mlangoni, ujue nimekufuata wewe."

"Na usipokuja?"

"Utajua ulikuwa na haki ya kuogopa."

Fundi alimtazama usoni akitafuta utani, hakuuona. Akamsogezea magongo, akaenda kuita teksi.