Medali ya Mgodi wa Harrow Creek

Mzani ulisoma gramu arobaini na moja. Verna Wojcik akaiinua medali, akaufuta mzani, akaiweka tena. Arobaini na tatu.

"Dale, hebu njoo uone."

"Mzani umezeeka kama mwenyewe, bosi," alijibu Dale Hutchins kutoka kwenye mashine yake.

"Mzani wangu haujawahi kuchelewa kazini. Njoo!"

Dale alipofika, ulisoma arobaini na moja. Wakacheka, kila mtu akarudi kazini kwake.

Kwa miaka thelathini Verna alikuwa akihakiki sarafu na medali za kale pale Pennsylvania. Dola ya fedha ya kughushi aliitambua kwa kuupapasa ukingo tu. Medali hii ilitumwa na mzee mmoja, Emlyn Pryce. Kampuni ya makaa ya mawe ilimtunuku babu yake, Thomas, mwaka 1911, kwa ushujaa wa kuzima moto katika mgodi wa Harrow Creek. Verna aliikagua kwa lenzi. Herufi zilisimama vizuri, fedha safi, hakuna mahali palipochongwa upya. Akaandika: halisi. Dale akaiziba ndani ya kasha la plastiki, lile lisilofunguka ila kwa kuvunjwa.

Kesho yake asubuhi waliikuta kwenye chumba cha kuzibia, kasha limejaa ukungu.

"Uliiziba na maji?"

"Mimi? Ilikuwa kavu kama mkate wa juzi."

Verna akapitisha kidole. Ukungu ulikuwa kwa ndani. Kisha, wote wawili wakitazama, ukafutika katikati, kiduara kidogo, kana kwamba kuna mtu amepangusa kwa kiganja ili achungulie.

Harufu ikafuata. Moshi wa makaa, na udongo mbichi.

Ngo, ngo, ngo. Kimya. Ngo, ngo, ngo.

"Tutoke," Verna alinong'ona.

Kitasa kilizunguka, lakini mlango wa chuma haukusogea, kama umeegemewa na mzigo kutoka nje. Chumba hakikuwa na dirisha, ila kioo cha ukubwa wa daftari mlangoni. Kupitia hapo Verna aliwaona wenzake wakipita na vikombe vya kahawa, wakitaniana, akawagongea kwa ngumi, akawaita kwa majina, wala hakuna aliyegeuka, akagonga tena na tena huku hewa ikizidi kuwa nyembamba na kifua kikimbana, mpaka alipojisikia mwenyewe akigonga mara tatu, ananyamaza, kisha mara tatu.

Nyuma yake Dale alikuwa ameketi sakafuni, macho meupe. Alianza kusema Kipolandi, lugha ya bibi yake Verna, ambayo yeye Dale hakujua hata salamu yake. Na sauti haikuwa moja.

"Tuko hai. Moto uko upande ule, sisi tuko huku. Msizibe."

Verna akapiga magoti. "Nani aliwaziba, ndugu zangu?"

"Pryce. Alitusikia. Akaendelea kupanga matofali, moto ukose hewa."

"Mnataka nini kwangu?"

"Fungua."

Alipapasa mezani kwa mikono isiyo na nguvu, macho yakiingia giza, akaipata nyundo ndogo ya kuvunjia makasha yaliyokosewa, akapiga, ikateleza, akapiga tena, na plastiki ilipopasuka pumzi ndefu ya baridi ilimpita usoni, pumzi ya watu wengi kwa pamoja, ikatoka chini ya mlango. Mlango ukafunguka wenyewe. Dale akaanguka kifudifudi, akikohoa.

Verna alimpigia simu mzee Pryce.

"Umelivunja?" mzee alidakia kabla ya salamu. "Binti, niambie hujalivunja!"

"Ulijua?"

"Miaka sitini wananigongea ukutani. Walimgongea baba yangu, walimgongea babu. Nikasikia plastiki yenu haipitishi hewa. Jana usiku nimelala, binti. Usingizi wa kwanza maishani! Izibe tena, nakusihi."

"Babu yako aliwaziba wakiwa hai. Na wewe ukawaziba tena?"

Verna alisikia kitu kingine kwenye simu, mkwaruzo wa chuma juu ya jiwe, taratibu, kama mwiko unaotandaza udongo. Kisha tofali likakaa. Kisha jingine.

"Mzee Pryce, toka humo ndani! Toka sasa hivi!"

"Naona mlango," alisema yule mzee, na sauti yake ilikuwa ya mtoto. "Nauona, lakini wanapanga. Wamefika kiunoni."

Simu ikakatika.

Polisi aliowatuma Verna walifika nyumbani kwa mzee baada ya dakika ishirini. Mlango wa chumba chake ulikuwa wazi. Mzee alikuwa amelala kizingitini, hatua moja kabla ya ukumbi, mikono mbele kama anayesukuma kitu, kucha zote kumi zimevunjika. Daktari aliandika kwamba alikufa kwa kukosa hewa. Dirisha nyuma yake lilikuwa wazi pia, na pazia lilikuwa likipepea.