Kamba Wabichi Kwenye Boneti

Muzdalifa alimwona Mudathiri kabla hajaonwa yeye, na hiyo ndiyo ilikuwa bahati mbaya ya Mudathiri.

Stendi ya Kibiti asubuhi ile imefurika wapiga debe na wauza korosho, na katikati yao yupo yeye, shati la drafti limenyooka kwa pasi, anakunywa chai ya tangawizi na kucheka na madereva wenzake. Anacheka! Mwanamume aliyemwacha binti wa watu ndani na hina mikononi, pilau limeiva, ndugu wamejaa mkekani wanangoja washenga wa posa kutoka Mbuchi, kule deltani, na washenga wasitokee mpaka pilau likalala. Siku ileile Muzdalifa akamfungia kwenye simu. Kulia alishalia. Leo alitaka kulipiza.

Gari la Mudathiri lilikuwa pembeni, boneti wazi, limetoka kuongezwa maji. Muzdalifa ana kamba wabichi mkononi, katoka kuwanunua sokoni. Akafungua pochi, akatoa leso ya bluu yenye ukingo wa dhahabu, zawadi ya bwana huyo huyo, akafungia kamba konzi nzima na kuichomeka ndani kabisa, karibu na pale hewa inapoingilia garini. Leo jua, kesho jua, keshokutwa atapanda abiria aliyekufa pua tu.

Anajifuta mikono, simu ikaita. Shangazi Mwamini.

"Muzda mwanangu, gari la kwenda harusini Mohoro nimeshakukodia. La kijivu, lina zulia jekundu mbele. Baba yako mdogo Nassibu mtampitia Ikwiriri."

Akageuka. La kijivu. Zulia jekundu.

"Shangazi, jingine hakuna?"

"Msimu wa harusi huu, jingine ulitoe wapi? Panda!"

Mudathiri alipomwona chai ilimmwagikia shatini.

"Muzda?"

"Naitwa abiria. Endesha."

Akakaa nyuma, dira lake la zambarau limejaza kiti, udi wake umejaza gari. Akajituliza: kamba hawaozi kwa safari moja. Jambo asilolijua ni kwamba gari lilipoingia kwenye mashimo, furushi liliteleza likatua juu ya bomba la moshi lenye moto.

Kibiti ilikuwa haijapotea vizuri kwenye kioo, Mudathiri akanusa.

"Kuna mtu anachoma kamba."

"Huku porini? Umekumbuka kwenu Mbuchi."

"Muzda, hebu nusa."

"Pua yangu haina kazi na gari lako."

Mudathiri akaanza kujisemea. Klachi ikiungua inanuka kama karatasi. Breki zinanuka kama chuma. Akagusa breki ya mkono: iko chini. Mshale wa joto: umetulia. Akafunga hewa ya nje, harufu ikapungua. Akaifungua, ikarudi.

"Inatoka kwenye injini."

"Fundi hodari," Muzdalifa akasema. "Kuja kuposa tu ndiko kulikushinda."

Mudathiri akainamia usukani. Muzdalifa akauona mgongo wake ukinywea, roho yake ikaburudika kama kanywa dafu.

Mara harufu ikabadilika. Sasa ni kitambaa kinachoungua, na kamoshi kembamba kakatokea kwenye matundu ya mbele. Mudathiri akavuta gari pembeni, injini inanguruma.

"Shuka, Muzda. Gereji iko Ikwiriri, nitalifikisha mwenyewe. Likiwaka, wewe usiwemo."

Kisasi gani hiki sasa? Alitaka anuke, hakutaka aungue.

"Zima gari!" akapiga kelele. "Kuna leso kwenye boneti! Nimeiweka mimi!"

Mudathiri akazima. Akainua boneti kidogo kidogo, akavuta furushi kwa bisibisi ndefu, akalitupa chini na kulifukia kwa mchanga mpaka moshi ukafa. Waya mmoja ulishaanza kuyeyuka ngozi, akausubiri upoe, akauzungushia utepe. Ndipo akaliokota furushi.

"Hii leso nilikununulia mimi."

"Ndiyo nimekurudishia."

"Na kamba?"

"Faida."

Mudathiri akacheka mpaka akashika boneti, akaungua kidole. Kisha kicheko kikakatika.

"Wazee wangu walikwama, Muzda. Kwenu mlipanga siku kwa kalenda ya ukutani. Kwetu siku inapangwa na maji. Siku ile maji yalikuwa mafu, mkono wa mto haukujaa, boti ikakaa kwenye tope la mikoko mpaka kesho yake, na simu hazishiki."

"Ulijua, ukanyamaza?"

"Niliona aibu kuwapangia wakwe siku. Hilo kosa langu. Lakini kesho yake tulifika! Baba yako mdogo akatufukuza mlangoni, akasema umekwenda kuolewa Kilwa."

Muzdalifa akabofya simu, akaweka sauti kubwa.

"Baba mdogo, washenga wa Mbuchi walikuja?"

"Walikuja, nikawatimua! Posa gani inakuja pilau limeshachacha? Fanyeni haraka, kanzu mpya hii nitatokwa jasho."

Muzdalifa akakata. Macho yake yakawaka upya, ila safari hii hayakumtazama Mudathiri.

"Maji yanajaa lini huko kwenu?"

"Bamvua mwezi ukiandama."

"Waje siku hiyo. Wakikwama tena, nachoma boti."

"Mpenzi, watakuja hata kwa kuogelea."

Muzdalifa akahamia kiti cha mbele. Akalikung'uta mchanga lile furushi la kamba, nusu wameungua, nusu wabichi, akalisukuma chini ya kiti cha nyuma, pale atakapokaa mwenye kanzu mpya.

"Muzda! Kuanzia Ikwiriri mpaka Mohoro?"

"Wewe endesha taratibu," akasema, akijitengeneza mtandio. "Na funga vioo vyote. Baba mdogo hapendi upepo."