Nywila ya Manju Ngassa

Kila jioni, akishamaliza kuosha vyombo, Minza alichukua simu ya baba yake na kuweka video za ngoma kwenye ukurasa wa mtandaoni wa kikundi chao. Baba yake, Ngassa, ndiye aliyekuwa manju, yaani kiongozi wa nyimbo. Mji mzima wa Mwanhuzi ulimjua kwa sauti yake na kwa maksai wake aitwaye Mashimba, ambaye Ngassa hakukosa kumtaja katika kila wimbo. Basi walipofungua ukurasa ule, Ngassa alichagua nywila mwenyewe: mashimba.

Shuleni, Mwalimu Elina wa TEHAMA alikuwa ameonya kwamba nywila isiwe jina ambalo watu wanalijua. Minza alisikia vizuri, lakini nani angethubutu kumkosoa baba juu ya Mashimba? Akaendelea kuitumia hivyo hivyo.

Jumatano, siku tatu kabla ya mashindano ya Bariadi, mwandaaji alipiga simu akisikitika kwamba amesoma kwenye ukurasa wao kuwa kikundi kimejitoa. Minza alipojaribu kufungua ukurasa, nywila ilikataliwa. Mtu alikuwa ameingia, akaibadilisha, akaandika tangazo la uongo. Wachezaji waliofanya mazoezi tangu wakati wa kupalilia pamba wangebaki nyumbani, maana nafasi yao ingepewa wengine jioni ile ile.

"Nani kaniibia siri yangu?" Ngassa aliuliza.

Minza akajibu, "Baba, haikuwa siri. Umeiimba kila Jumamosi. Nilijua ni kosa, nikaogopa kukwambia. Nisamehe."

Ngassa akamkabidhi simu. "Rekebisha, mayu," akasema, akimwita mama kwa Kisukuma.

Minza aliomba kurudishiwa ukurasa kwa namba ya baba yake, na tarakimu za uthibitisho zikaja kwa ujumbe. Akaziandika, akatunga nywila mpya: maneno manne yasiyohusiana hata chembe, na tarakimu katikati yake. Akaondoa simu ngeni iliyokuwa imeingia. Akaweka pia ulinzi wa pili, ili mtu akitumia simu mpya aombwe kwanza tarakimu za uthibitisho. Tangazo la uongo akalifuta, na Ngassa akampigia mwandaaji kumweleza. Kabla jua halijazama, mwandaaji alikuwa amewarudisha kwenye orodha.

Jumamosi walicheza Bariadi mpaka vumbi likatimka. Walishika nafasi ya pili, ingawa kwa mwendo wa Ngassa ungedhani ni ya kwanza. Kila aliyempa mkono alisimuliwa habari za binti yake. Mwandu, mpiga ngoma wao, akamsogelea Ngassa na kumwomba amtajie hiyo nywila mpya, walau yeye peke yake.

"Binti yangu nitamsifu mpaka koo likauke," Ngassa alimjibu. "Nywila, hapana. Kitu unachokiimba mbele za watu hakiwezi kukufungia mlango."

Minza alikuwa nyuma yao, akasikia yote. Siku ile alijivunia baba yake kuliko hata zawadi waliyopewa.